SOMO: KUSAFISHA MIKANDA YA KOFIA NGUMU YA BAISKELI ILIYOINGIA MADOA



Tabora ni mji uliokuzwa na safari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilipumzika hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo mirefu ya njia. Reli ilifika mwaka 1912, lakini hadi leo magunia ya mkaa, madumu ya asali kutoka Sikonge na wanafunzi wa Kwihara huonekana kila siku juu ya baiskeli. Kila apandaye baiskeli katika njia hizo huijua vumbi nyekundu ya kiangazi, nayo huijua mikanda ya kofia yake.

Somo hili linafundisha namna ya kuondoa madoa hayo bila kuidhoofisha mikanda. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni hili: kazi ya mkanda ni kuishikilia kofia kichwani wakati wa ajali. Mkanda mweupe uliodhoofika hauna faida. Mkanda wenye doa ulio imara unaweza kuokoa maisha.

1. Asili ya madoa

Mikanda mingi hufumwa kwa nailoni au poliesta. Jasho hupenya katika uzi na, likikauka, huacha chumvi inayoukakamaza mkanda. Vumbi ya udongo wetu ina kutu ya chuma, ndiyo sababu ya wekundu wake. Ikichanganyika na jasho na mafuta ya ngozi hung'ang'ania. Wakati wa masika, kofia iliyowekwa ikiwa mbichi huota ukungu wenye madoa meusi na harufu mbaya. Madoa ya grisi hutokana na mikono iliyoshika mnyororo.

2. Vitu visivyofaa

Mlaji asitumie vitu vifuatavyo, hata kama jirani amevisifu:

(a) Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Huila nailoni, na wala haiondoi wekundu wa kutu.
(b) Petroli, mafuta ya taa au tina ya rangi. Huyeyusha povu gumu jeupe lililo ndani ya kofia, ambalo ndilo hupokea kishindo cha pigo. Uharibifu huo waweza kufichwa na ganda la nje.
(c) Maji yanayochemka, au kukausha kofia karibu na jiko la mkaa.
(d) Tindikali na magadi makali. Nailoni hudhuriwa na tindikali. Poliesta hudhuriwa na magadi. Kwa kuwa si rahisi kutambua kwa macho mkanda ni wa aina gani, vyote viwili viepukwe.

3. Hatua za kusafisha

Andaa bakuli, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani wenye nywele laini na kitambaa safi.

Kwanza, acha mikanda ikauke, kisha ikung'ute na uipige mswaki ili vumbi itoke. Vumbi ikiloweshwa kabla ya kukung'utwa hugeuka tope na kuzama ndani ya uzi.

Pili, ondoa vitambaa vya ndani vinavyobanduka, uvioshe peke yake kwa mkono.

Tatu, tia matone machache ya sabuni katika maji. Ning'iniza mikanda ndani ya bakuli, kofia ikibaki nje, kwa muda wa dakika 15 hadi 20.

Nne, sugua taratibu kwa kufuata urefu wa mkanda. Penye grisi, paka tone la sabuni moja kwa moja, ngoja kidogo, kisha sugua.

Tano, suuza kwa maji safi mpaka povu liishe. Sabuni iliyobaki huvuta vumbi upya na huwasha ngozi ya kidevu.

Sita, safisha bizimu kwa mswaki na maji ili mchanga utoke. Usitie mafuta.

Saba, kamua kwa kitambaa, kisha tundika kofia kivulini penye upepo. Jua kali la muda mrefu huchakaza nyuzi.

Ikiwa doa limefifia tu, rudia siku nyingine. Likibaki baada ya hapo, liache.

4. Ukaguzi baada ya kuosha

Mkanda safi hueleza mengi ambayo uchafu uliyaficha. Tazama kama umechanika pembeni, umekatika nyuzi au umekakamaa. Funga bizimu na uvute kwa nguvu. Lisifunguke wala mkanda usiteleze. Vaa kofia: mikanda ikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu vipite vidole viwili tu.

Kofia iliyomwagikiwa maji ya betri, iliyokwisha kupigwa katika ajali, au ambayo mkanda wake umechanika, haistahili kuoshwa bali kubadilishwa. Usishone mkanda nyumbani kwa uzi wa nguo.

5. Unaponunua nyingine

Dai risiti. Soma lebo ya ndani: kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli ni EN 1078, na cha pikipiki ni ECE 22. Kofia ya baiskeli haifai kwa abiria wa bodaboda. Epuka kofia isiyo na lebo wala jina la mtengenezaji, hata kama bei yake inavutia.

Zoezi

Chukua kofia iliyopo nyumbani kwako leo. Ioshe kwa hatua saba zilizotajwa, uikague, kisha ujibu: je, ningekubali mwanangu aivae kwenda shule kesho asubuhi? Ikiwa jibu ni hapana, kofia hiyo imemaliza kazi yake.