UGONJWA WA MADOA MEUPE WA KAMBA



Katika somo hili tutajifunza juu ya ugonjwa unaoua kamba wanaofugwa. Tunasema kamba wa baharini, wale wa kuliwa, siyo kamba ya kufungia mzigo.

Huenda wengine watauliza: kwani kamba nao hufugwa? Ndiyo, hufugwa. Katika nchi nyingi za joto watu huchimba mabwawa karibu na bahari. Huingiza maji ya chumvi, hutia vifaranga vya kamba na kuwalisha. Baada ya miezi michache huwavuna na kuwauza. Ni kazi yenye faida. Lakini ugonjwa wa madoa meupe ukiingia bwawani, faida yote hupotea kwa muda wa siku chache tu.

Ugonjwa ulienea namna gani?

Ugonjwa huu ulijulikana kwanza huko Taiwani na China miaka ya 1991 na 1992. Mwaka 1993 ulifika Japani, katika mashamba yaliyoleta vifaranga kutoka China. Baadaye uliingia Tailandi na India. Mwaka 1999 ulivuka hadi Ekwado, nchi ya Amerika ya Kusini. Huko mauzo ya kamba ya mwaka 2000 yalikuwa chini ya nusu ya yale ya mwaka 1998.

Hata jirani zetu hawakupona. Mwaka 2011 ugonjwa uliingia katika mabwawa ya Quelimane, nchini Msumbiji. Kamba walikufa na kazi ikasimama. Mwaka 2012 ulifika Madagaska. Msumbiji si mbali, maana ukivuka mto Ruvuma umeshafika. Tena bahari haina mpaka. Kwa hiyo habari hii inatuhusu na sisi watu wa pwani.

Dalili zake

Kamba mgonjwa huacha kula. Huogelea kwa unyonge na kusogea ukingoni mwa bwawa. Pengine mwili wake huwa mwekundu. Ukibandua gamba la kichwani utaona madoa meupe, madogo kama punje za chumvi. Kamba wengi wa bwawa hilo huweza kufa kwa muda wa siku 3 hadi 10.

Lakini angalieni! Kamba wengine hufa bila madoa. Tena yako mambo mengine yanayoweza kuleta madoa kwenye gamba. Basi macho peke yake hayatoshi, lazima kupima.

Watafiti walimjuaje adui?

Watafiti wa Japani walichukua kamba wagonjwa wakawasaga. Kisha walichuja maji yake kwa chujio lenye matundu madogo sana, hata bakteria hawapiti. Maji yaliyochujwa waliwachoma kamba wazima kwa sindano. Kamba wale wakaugua na kufa vilevile. Hapo ilijulikana kwamba mwuaji ni mdogo kuliko bakteria. Walipotazama kwa hadubini yenye nguvu, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, waliviona virusi.

Mwaka 2001 watafiti wa China na wa Uholanzi walitangaza kwamba wamesoma maandishi yote ya urithi ya virusi hivi. Maandishi hayo yana herufi kama 300,000. Sisi tulioanza na a, e, i, o, u tunajua faida ya kusoma. Ukiujua mwandiko wa mtu, barua yake utaitambua hata kama hakutia sahihi. Ndivyo kipimo cha maabara kinavyofanya kazi. Huutafuta mwandiko wa virusi ndani ya kipande kidogo cha kamba. Humgundua hata kamba anayeonekana mzima.

Mbona haitibiki?

Mtoto akichanjwa surua, mwili wake hujenga kinga na kuikumbuka surua ile. Mwili wa kamba haujengi kinga ya namna hiyo. Ndiyo sababu hakuna chanjo ya kamba kama zile za watoto. Dawa za kuua bakteria nazo haziui virusi. Mfugaji anayezinunua anatupa fedha yake bure.

Basi dawa ni kuuzuia ugonjwa mlangoni:

1. Tumia vifaranga vilivyopimwa. Kamba mama mwenye virusi huweza kuwaambukiza watoto wake.

2. Kausha bwawa vizuri baada ya kuvuna, kabla ya kuingiza maji mapya.

3. Chuja maji yanayoingia. Weka uzio wa kuzuia kaa, maana kaa na kamba wa mwituni hubeba virusi bila kuonyesha dalili.

4. Usitumie kamba wabichi kuwa chakula cha mifugo yako wala chambo. Barafu haiui virusi hivi.

5. Kamba wakianza kufa, usifungue maji ya bwawa yaende baharini au kwa jirani. Funga mlango wa maji, kisha mwarifu bwana samaki upesi.

Shamba moja haliwezi kujikinga peke yake. Ukimwaga maji yenye ugonjwa leo, kesho jirani yako atayaingiza bwawani kwake. Naye akifanya hivyo, yatarudi kwako.

Je, mtu huambukizwa?

La. Virusi hivi havimdhuru binadamu. Kamba akipikwa akaiva, virusi hufa. Hasara ni ya mfuko, lakini mfuko ndio unaolisha watoto.

Tumaini lipo. Wafugaji wa Ekwado hawakuacha kazi. Walichagua kamba waliostahimili ugonjwa wakawazalisha, kizazi baada ya kizazi. Leo nchi hiyo inaongoza duniani kwa kuuza kamba nje. Ugonjwa haukwisha, ila wamejua namna ya kuishi nao.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini macho peke yake hayatoshi kuutambua ugonjwa huu?

2. Kwa nini kaa ni hatari kwa mfugaji wa kamba?

3. Jirani yako anataka kufungua maji ya bwawa lenye kamba wagonjwa. Utamwambia nini?