Dondoo Muhimu: Dhibiti Ukokotoaji katika Excel

Kwa kawaida, fanksheni uliyojitungia kwa VBA hukokotoa upya pale tu seli zilizotajwa ndani ya mabano yake zinapobadilika. Zingatia haya:

• Taja kila seli inayotumika. =Kodi(B2) inayochukua kiwango cha kodi kutoka F1 bila kuitaja haitajua F1 ikibadilika. Andika =Kodi(B2,F1).

• Application.Volatile iwe njia ya mwisho. Huilazimisha fanksheni kukokotoa kila mara, hata pasipo haja. Zikiwa maelfu, faili huwa zito.

• Faili likilemea, weka ukokotoaji wa mkono, ubonyeze F9 unapotaka majibu. Ctrl+Alt+F9 hukokotoa fomula zote upya. Rudisha hali ya kiotomatiki kabla ya kumkabidhi mwenzako faili, maana mpangilio wa ukokotoaji huhifadhiwa pamoja nalo.

• Usipuuze onyo la mzunguko. Chanzo cha kawaida ni jumla inayojijumlisha yenyewe: =SUM(B2:B10) ikiwa ndani ya B10. Rekebisha iishie B9.

• Ukokotoaji wa kurudiarudia uwashe kwa hesabu zinazotegemeana kweli, kama riba na salio. Kwa kawaida Excel hurudia hadi mara 100. Ukiuwasha ovyo, onyo hutoweka na kosa hubaki.