Deni unalikubali. Mtalipana vipi?

Tuchukue mwenye duka la mbao aliyemkopesha fundi mali ya shilingi 120,000. Fundi amelipa 45,000, kisha kimya. Wakifika Mahakama ya Madai Madogo hakuna anayekana deni. Ugomvi uko kwenye masharti: mdai anataka 75,000 zote kwa mkupuo, mdaiwa anasema atalipa "nikipata kazi". Kauli hiyo huwaponza wengi, maana haina tarehe.

Mahakama hii, iliyoundwa kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili. Kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, kwa hiyo ukiomba iahirishwe kwa sababu umesahau risiti nyumbani, usishangae ukikataliwa.

Mdaiwa, ukikabidhiwa hati za madai una siku 15 za kujibu. Ukinyamaza, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikizwa, na baada ya hapo ni dalali mlangoni. Unaweza kukubali deni na bado ukaomba kulipa kwa awamu. Andika mapato yako ya mwezi, kodi ya nyumba, karo, chakula na mikopo mingine, kisha utaje kiasi unachoweza kutoa hata mwezi mbaya. Shilingi 5,000 kwa miezi 15 zinamaliza 75,000. Ukiahidi 15,000 ili kumfurahisha mwamuzi, mwezi wa pili utakwama. Na ukiweza, nenda na chochote mkononi. Mdai mwenye hasira hulainika akiona pesa.

Mdai, toa taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, chapisha jumbe zenye tarehe, na uzipange kwa mfuatano. Mahakama hii haibanwi na kanuni kali za ushahidi, ila karatasi zilizovurugika zinamchosha yeyote.

Mkielewana koridoni, msiishie kupeana mikono. Andikeni jumla ya deni, kiasi na tarehe ya kila awamu, nambari ya simu itakayopokea pesa, na kitakachofuata awamu ikikosekana. Wadai hupenda sharti kwamba ukikosa moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Mdaiwa, omba angalau siku saba za kujikwamua kabla sharti hilo halijakubana. Tieni sahihi, kisha mwombeni mwamuzi ayaidhinishe makubaliano yawe amri ya mahakama.

Yasome mara mbili kabla ya kutia sahihi. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee, na "nilikubali awamu kubwa mno" si mojawapo.