Maji Yanayohama: Somo la Osmosisi katika Saladi ya Matango na Mtindi

Tango bichi likitafunwa huvunjika kwa mlio. Ufuta uliokaangwa nao ukitafunwa huvunjika kwa mlio. Kwa meno na kwa sikio mambo haya mawili yanafanana, lakini sababu zake zinapingana. Tango hulia kwa kuwa limejaa maji. Ufuta hulia kwa kuwa umeishiwa maji. Mpishi anayevichanganya vitu hivi viwili katika bakuli moja hukabiliwa na tatizo la kisayansi, kwani maji yatatoka katika tango na kuingia katika ufuta, na baada ya muda mfupi vyote viwili vitakuwa vimelegea.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi tatizo hilo linavyotokea na jinsi linavyoweza kuepukwa. Vifaa vinavyohitajika hupatikana katika jiko lolote, kwa hiyo hata shule isiyo na maabara inaweza kulitumia somo hili kufundisha osmosisi, kuganda kwa protini na mabadiliko yaletwayo na joto.

Asili ya chakula chenyewe

Tango, ambalo jina lake la kisayansi ni Cucumis sativus, ni la jamii moja na maboga, matikiti na mung'unye. Asili yake ni Bara Hindi, na huko ndiko ilikozoeleka tangu zamani desturi ya kuchanganya matango na maziwa yaliyoganda, chakula kiitwacho raita. Waturuki na Wagiriki nao wana vyakula vya namna hiyo. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako mapishi ya Kihindi yamezoeleka kwa muda mrefu, kachumbari na mtindi aghalabu huandaliwa pamoja na pilau au biriani.

Kwa nini tango ni gumu ilhali ni maji?

Karibu asilimia 95 ya uzito wa tango ni maji. Maji hayo yamo ndani ya seli. Kila seli ina ukuta wa nje uliojengwa kwa selulosi na pektini, na ndani ya ukuta huo kuna utando mwembamba uliozingira utomvu wa seli. Utomvu unapojaa husukuma utando dhidi ya ukuta, kama hewa inavyosukuma mpira wa ndani dhidi ya tairi la baiskeli. Msukumo huo ndio unaolifanya tango liwe gumu. Meno yanapozipasua seli zilizojaa hivyo, mlio husikika.

Tango lililokaa siku nyingi juani hupoteza maji kwa njia ya mvuke. Seli zake hulegea, nalo hupindika badala ya kuvunjika. Kuta za seli zingalipo, bali msukumo wa ndani umetoweka.

Kazi ya chumvi

Vipande vya tango vikinyunyiziwa chumvi, baada ya dakika chache matone ya maji huonekana juu yake. Chumvi huyeyuka katika unyevu ulio juu ya kipande na kufanya mmumunyo mzito kuliko utomvu ulio ndani ya seli. Utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi, lakini huzuia sehemu kubwa ya chumvi na sukari. Kwa hiyo maji husafiri kutoka upande wa mmumunyo mwepesi kwenda upande wa mmumunyo mzito. Safari hiyo ya maji kupitia utando ndiyo iitwayo osmosisi.

Nguvu ya mmumunyo katika jambo hili hutegemea idadi ya chembe zilizoyeyuka, wala si uzito wake. Gramu 58.5 za chumvi ya kawaida ni moli moja, na kila moli ya chumvi ikiyeyuka hutoa moli mbili za ioni, yaani za sodiamu na za kloridi. Sukari ya mezani huhitaji gramu 342 ili kupata moli moja, nayo haigawanyiki. Hivyo, gramu moja ya chumvi huleta chembe zipatazo mara 12 ya zile ziletwazo na gramu moja ya sukari. Ndiyo sababu chumvi kidogo huvuta maji mengi.

Mpishi asiyejua jambo hili hutia chumvi mwishoni, baada ya kuchanganya matango na mtindi. Osmosisi haingoji ruhusa yake: maji hutoka ndani ya bakuli, na saladi iliyokuwa nzito hugeuka kuwa supu kabla wageni hawajaketi. Mpishi ajuaye hutia chumvi mapema, huyaacha maji yatoke, huyamwaga, kisha ndipo huchanganya. Ni kweli kwamba tango hupungukiwa na msukumo wa seli, lakini kuta za seli hubaki zimesongamana, na kipande huendelea kuwa na ukinzani wa kupendeza mdomoni.

Mtindi na uzito wake

Maziwa ya ng'ombe yana sukari iitwayo laktosi, kiasi cha asilimia 5 hivi. Bakteria wa mtindi huila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki. Kadiri asidi inavyoongezeka, ndivyo kipimo cha pH kinavyoshuka. Kinapokaribia 4.6, chembe za protini iitwayo kaseini hupoteza chaji za umeme zilizokuwa zikizitenga, nazo hushikana na kufanya wavu. Maji na mafuta hunaswa ndani ya wavu huo, na maziwa huganda.

Wavu huu ni dhaifu. Ukikorogwa kwa nguvu hukatika na kuachia maji ya rangi ya manjano hafifu. Kwa sababu hiyo, mtindi wa saladi huchujwa kwanza katika kitambaa safi cha pamba kwa muda wa nusu saa. Maji hayo hutiririka chini, na kinachobaki ni mtindi mzito kama krimu. Si lazima yamwagwe, kwa kuwa yana laktosi, madini na protini kidogo, na yaweza kutumika kukandia unga.

Kikolezo kinacholia

Kikolezo cha saladi hii ni ufuta, karanga zilizopondwapondwa na bizari nyembamba, vyote vikiwa vimekaangwa bila mafuta. Joto la kikaango hufanya kazi mbili. Kwanza, huondoa maji yaliyomo ndani ya mbegu, nazo huwa kavu na kuvunjika kwa urahisi. Pili, huziunganisha sukari na asidi-amino ili kuleta rangi ya hudhurungi na harufu nzuri. Badiliko hili la pili lilielezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, na hadi leo hujulikana kwa jina lake.

Mbegu zikishakaangwa hutandazwa katika sahani hadi zipoe kabisa. Zikifunikwa zikiwa moto, mvuke wake hugeuka kuwa maji na kuzilegeza tena. Kwa sababu iyo hiyo, kikolezo hakichanganywi na saladi jikoni. Hunyunyizwa juu yake mezani, wakati wa kula.

Tahadhari tatu

Karanga zilizohifadhiwa mahali penye unyevu huota ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii ilitambuliwa baada ya bata mzinga wengi kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula cha karanga zenye ukungu. Si tatizo la mifugo pekee: mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 kati yao walifariki. Kukaanga hakuiondoi sumu yote. Hapana budi karanga zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku.

Tango lililo chungu sana lina kemikali ziitwazo kukabitasini, ambazo huweza kudhuru tumbo. Kipande kidogo kionjwe kwanza, na tango likiwa chungu sana liachwe.

Mwisho, chakula kitakacholiwa kisiandaliwe katika chumba cha maabara wala kwa vyombo vya maabara. Matango yaoshwe kwa maji safi, na mtindi uwe umetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa.

Matayarisho

Mahitaji ni matango mawili ya wastani, chumvi nusu kijiko cha chai, mtindi vikombe viwili kabla ya kuchujwa, kitunguu saumu punje moja, ufuta vijiko viwili vya chakula, karanga vijiko viwili vya chakula, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, na pilipili kavu kidogo.

1. Mtindi uanze kuchujwa.
2. Matango yakatwe vipande vyembamba, yatiwe chumvi na kuachwa katika chujio kwa dakika 20.
3. Wakati huo, mbegu na bizari zikaangwe kwa moto mdogo, zipozwe, kisha zichanganywe na pilipili.
4. Matango yakamuliwe taratibu kwa mikono iliyooshwa, yachanganywe na mtindi na kitunguu saumu kilichopondwa.
5. Kikolezo kinyunyizwe mezani.

Kazi yote huchukua kama nusu saa. Saladi isiachwe katika joto kwa zaidi ya saa mbili.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wapime makundi matatu ya vipande vya tango, kila kundi gramu 100. Kundi A lisitiwe kitu. Kundi B litiwe gramu 2 za chumvi. Kundi C litiwe gramu 2 za sukari. Kila kundi liwekwe katika chujio juu ya bakuli. Kila baada ya dakika 10, kwa muda wa dakika 40, maji yaliyotoka yapimwe na matokeo yachorwe katika grafu moja. Vipande vya kila kundi vipindwe kwa vidole, na tofauti zake ziandikwe.

Maswali

1. Kundi A lina kazi gani katika jaribio hili?
2. Eleza kwa hesabu ya moli kwa nini kundi B na kundi C hutofautiana.
3. Tango lililolegea likitiwa katika maji baridi kwa saa moja hupata ugumu tena. Eleza sababu.
4. Mkulima aliyetia mbolea ya chumvichumvi kupita kiasi huona mimea yake ikinyauka ingawa udongo una maji. Je, mimea hiyo na matango ya kundi B vina jambo gani la pamoja?