"Pingamizi, Mheshimiwa!" Halafu?

Mwaka wa pili nilikuwa wakili wa utetezi kwenye kesi ya mfano. Mshtakiwa alidaiwa kuiba laptopu hosteli. Shahidi wa kwanza wa Jamhuri akasema, "Rumeti wangu aliniambia alimwona mshtakiwa akitoka chumbani na begi." Nikaruka juu: "Pingamizi, Mheshimiwa!" Jaji, yaani mhadhiri wetu wa somo la ushahidi, akaniangalia. "Kwa msingi gani?" Nikajibu, "Mheshimiwa, hilo... siyo sawa." Ukumbi mzima ukacheka. Pingamizi likakataliwa, na lile begi likatajwa tena kwenye hukumu. Tulishindwa.

Kinachouma ni kwamba tetesi nilikuwa naijua. Kwenye testi ningeandika kurasa mbili. Ila ukisimama, una muda wa sentensi moja tu: taja neno, taja msingi, nyamaza. "Pingamizi, Mheshimiwa. Shahidi anaeleza alichoambiwa, siyo alichoona." Basi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu cha 62 katika toleo la 2019, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama jambo lilionekana, aje aliyeliona. Rumeti yupo, aje mwenyewe tumdodose. Na unaongea na jaji, siyo na wakili mwenzako. Mkianza kujibizana wenyewe kwa wenyewe, mmeshageuza mahakama kuwa kijiwe.

Halafu kuna suala la muda. Swali linaloongoza hupingwa kabla shahidi hajafungua mdomo. "Ulimwona mshtakiwa akikimbia saa mbili usiku, siyo?" Hapo jibu limeshatoka kwa wakili, shahidi kabakiziwa "ndiyo" tu. Ukichelewa, jaji keshasikia. Tetesi ni tofauti kidogo, maana mara nyingi inajificha kwenye jibu. Simama hapo hapo, uombe maneno hayo yasizingatiwe. Jaji wetu hana baraza la wazee kama wale wa kwenye filamu za Marekani, kwa hiyo wengine husema pingamizi halina maana, keshasikia. Wanasahau kumbukumbu za shauri. Mahakama ya rufaa inasoma kilichoandikwa.

Kosa ninaloliona kila muhula: mtu anapinga swali la kuongoza wakati wa maswali ya dodoso. Jamani! Kuongoza kunakatazwa unapomhoji shahidi wako mwenyewe, mwanzoni na pale unapomrudia baada ya dodoso. Kwenye dodoso, ongoza utakavyo. Na hata kwa shahidi wako, mambo ya utangulizi yasiyobishaniwa, kama jina na anakoishi, hayana shida. Ukiyapinga utaonekana msumbufu tu.

Sasa, ukipingwa wewe? Wengi wetu hunywea na kusema "nalifuta swali, Mheshimiwa," hata pale swali lilipokuwa halali. Subiri jaji akugeukie, kisha sema unayaleta maneno hayo kwa kusudi gani. Hapa ndipo kesi ya Subramaniam ya 1956 inapokuokoa. Jamaa alikutwa Malaya na risasi 20, akahukumiwa kifo. Utetezi wake ulikuwa kwamba magaidi walimtisha. Jaji akazuia asieleze waliyomwambia, eti ni tetesi. Baraza la Privy kule London likatengua hukumu: maneno yale hayakuletwa kuthibitisha kwamba ni ya kweli, yaliletwa kuonyesha kwamba yalisemwa, na jinsi yalivyomwathiri aliyeyasikia. Mtu alikuwa akining'inia kwenye tofauti hiyo moja.

Kama pingamizi limekubaliwa, usinune. Lipange upya swali. "Ulimwona akikimbia?" inageuka "Uliona nini?" Shahidi aliyeandaliwa vizuri atafika pale pale.

Mwaka wa tatu nilikuwa upande wa Jamhuri, na maneno ya rumeti yakarudi tena, safari hii kupitia kwa mlinzi. Binti wa mwaka wa pili akasimama: "Pingamizi, Mheshimiwa, shahidi anaeleza alichoambiwa." Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema hatuyaleti kuthibitisha kwamba mshtakiwa alitoka na begi, tunaeleza tu kwa nini mlinzi alikwenda kupekua chumba kile. Jaji akanikubalia. Nikatabasamu. Yule binti hakukaa. "Basi, Mheshimiwa, naomba iandikwe hivyo: kwa sababu hiyo tu." Ikaandikwa. Kwenye majumuisho nilipogusa begi, jaji akanyanyua kalamu na kunikumbusha maneno yangu mwenyewe.