GARI KUUKUU LIKIKATAA KUWAKA

Mkulima mwenzangu, umefikisha kabichi zako Kianda, huko Kibera, ukalala, na asubuhi gari lako kuukuu linakataa kuwaka. Usikimbilie kununua betri mpya. Fedha hiyo ni ya mbolea. Kwanza lisikilize gari.

1. Je, wasikia "ta!" tu, na taa zafifia? Huenda umeme haufiki kwenye starta. Zima swichi, ufungue nyaya za betri, ukianza na ule uliofungwa kwenye bodi. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani, osha kwa maji ya magadi yasiyoingia ndani ya betri. Sugua mpaka vichwa ving'ae, kisha kaza. Waya wa bodi uwe wa mwisho.

2. Starta bado yazunguka polepole? Sasa pima betri. Ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe. Isiposhika chaji, ndipo ununue nyingine.

3. Starta yazunguka kwa nguvu, ila injini haishiki? Betri haina kosa. Fungua plagi. Iliyolowa petroli ikaushwe. Yenye masizi isuguliwe. Ikiwa kavu kabisa, tazama tangi, chujio na pampu ya petroli.

Usiwashe kiberiti karibu: betri hutoa gesi iwakayo.

Kumbuka, betri mpya haiponyi waya mchafu.