Tangi la Maji Chumvi la Bosi: Pima kwa Hela Ndogo, Mshahara Ubaki Salama

Leo tunaweka pembeni mambo ya kutuma pesa, tunaingia sebuleni kwa bosi. Kuna ndugu zetu wanaofanya kazi majumbani huku Ghuba ambao, juu ya kupika na kulea, wamekabidhiwa tangi la samaki wa maji chumvi. Samaki mmoja wa rangi anaweza kuuzwa bei ya kushtua, na akifa wa kwanza kuulizwa ni wewe. Kwa hofu ya kukatwa mshahara, mtu anaanza kununua dawa na vipimo kwa hela yake, hela iliyokuwa iende nyumbani. Tusifike huko. Ukijua kipi cha kupima na kipi cha kuacha, gharama inabaki ndogo, na ukiulizwa una majibu.

1. Anza na vya bure

Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo, pale maji yanapofika siku tangi liko sawa. AC ikifanya kazi mchana kutwa, maji yanapungua haraka. Kumbuka: kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo maji yakishuka chini ya alama, ongeza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa RO. Ukiongeza ya chumvi kila mara, tangi linazidi kuwa kali hadi samaki wanaumia. Maji ya bomba mara nyingi yana klorini, usiyamwage moja kwa moja.

Halafu tazama samaki asubuhi. Wakihema haraka juu ya maji, au wakikataa chakula, hapo ndipo pa kupima, siku hiyo hiyo.

2. Joto na chumvi

Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo. Samaki wengi wa tangi la maji chumvi wanataka nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Familia ikisafiri na kuzima AC, joto linapanda na hewa ndani ya maji inapungua. Waulize mapema, kabla hawajafunga mlango.

Chumvi ipimwe kila wiki. Lengo ni sehemu 35 kwa elfu, au 1.025 hadi 1.026 kwenye haidromita. Haidromita ya plastiki yenye mshale ndiyo ya bei nafuu, lakini vipovu vikishika mshale inasoma juu kuliko ukweli. Igonge kidogo vitoke, na ukimaliza isuuze kwa maji safi.

Kama nyumba ina refraktomita, ihakiki bila kununua maji maalumu. Chukua mizani ya jikoni, pima gramu 73 za chumvi kavu ya mezani na gramu 1,927 za maji ya RO, koroga mpaka iyeyuke yote. Kifaa kikisoma 35, kiko sawa. Kisiposoma hivyo, zungusha skrubu yake mpaka kifike. Maji hayo ni ya kuhakiki kifaa tu, usiyatie kwenye tangi. Tangi lina chumvi yake ya baharini.

Na bosi akileta maji ya baharini, pima kwanza. Maji ya ndani ya Ghuba yana chumvi nyingi, karibu 40 kwa elfu.

3. Amonia kwanza, nitrati baadaye

Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Tangi jipya linahitaji kama wiki 4 hadi 6 bakteria hao waenee, na katika muda huo amonia ndiyo kipimo cha kulipia. Tangi likikomaa, amonia isomeke sifuri. Hakuna haja ya kuipima kila siku: pima akifa samaki, chujio likizimika, au akiongezwa samaki mpya.

Nitriti haiwadhuru sana samaki wa maji chumvi kama inavyowadhuru wa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo kwenye tangi lililokomaa unaweza kuiacha. Nitrati ipime mara moja au mbili kwa mwezi. Ikikaa chini ya 20, samaki wako salama.

Kalsiamu, magnesiamu na alkalini ni vya tangi lenye matumbawe hai. Kama ndani kuna samaki na mawe tu, muuza duka akikuwekea boksi hizo, zirudishe.

4. Hesabu bei ya kipimo kimoja

Usidanganywe na bei ya boksi. Gawa bei kwa idadi ya vipimo. Tuseme, kwa mfano tu, vijikaratasi 25 ni riali 3: kila kimoja ni baisa 120. Boksi la matone la riali 6 linapima mara 60: kila kipimo ni baisa 100. La bei kubwa ndilo rahisi, na matone husoma vizuri kuliko vijikaratasi. Angalia tarehe ya mwisho, na hakikisha boksi limeandikwa kuwa ni la maji chumvi. Yapo maduka ya samaki yanayopima bure ukipeleka maji kwenye chupa safi. Ulizia kabla hujanunua.

5. Pima vizuri, usirudie

Kipimo kilichokosewa ni hela iliyomwagika. Suuza kichupa kwa maji ya tangi lenyewe. Shika chupa ya matone wima ili matone yalingane. Chupa ya nitrati inayotakiwa kutikiswa, itikise kweli kweli. Subiri dakika zilizoandikwa kwa kutumia saa ya simu, kisha soma rangi juu ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana. Dawa hizo ni sumu, watoto wasizifikie, na vichupa visioshwe pamoja na vyombo vya chakula.

Amonia ikionekana, usikurupukie dawa. Punguza chakula, toa kama robo ya maji, weka mapya yenye chumvi na joto lile lile, kisha pima tena kesho yake.

6. Daftari ndilo shahidi wako

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, joto, chumvi, amonia, na ulichofanya. Piga picha, mtumie bosi kwenye WhatsApp kila wiki. Vitu vya tangi vinunuliwe kwa hela ya nyumba, na risiti itunzwe. Ukiona jambo baya, mwambie mapema kwa adabu: "Mama, amonia imepanda, naomba tubadilishe maji leo." Ukishasema na kuandika, samaki akifa haiwi tena neno lako dhidi ya lake.

Tangi ni la bosi, mshahara ni wako. Ulinde.